Mtoki wa Mageni

Mimi ndiye niliyesema ugonjwa umesambaa. Daktari Sostenes alisimama mlangoni mwa maabara saa mbili na nusu asubuhi, ameshavaa nguo za kijani za upasuaji, akaniuliza swali moja, nami nikamjibu kwa neno moja. Nilimjibu kwa sauti ya mtu asiyependa kuulizwa mara mbili. Sina subira, wala sijisifu kwa hilo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajafika kwa sababu sikutaka kumngoja.

"Una uhakika, Safiya?"

"Dokta, kioo kimejaa kahawia. Njoo uone mwenyewe."

Akaja, akainama kwenye hadubini, akaona kahawia na weusi vimetapakaa kama nilivyosema. Akashusha pumzi. "Basi huyu namtoa kwenye orodha," akasema, akaenda zake.

Aliyetolewa kwenye orodha ya upasuaji alikuwa Mageni, mchimba dhahabu wa Nyarugusu, umri miaka thelathini na minne, baba wa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Masalu. Alikuwa na uvimbe mweusi kwenye kisigino cha mguu wa kulia, saratani ya ngozi ya ile aina mbaya, na mtoki umevimba kwenye kinena cha upande huohuo. Kisigino hakikuwa na ubishi, sote tulijua ni saratani. Swali lilikuwa mtoki. Kama ugonjwa ulikuwa haujafika kwenye mtoki, Daktari Sostenes angekata kisigino, angefunika kwa ngozi ya paja, na Mageni angerudi kwake akiwa na mguu wake na uhai wake. Kama ulikuwa umefika, na kwa wingi ule niliouona mimi, basi kumpasua kungekuwa kumtesa bure. Angepewa dawa za maumivu na maneno mazuri, arudi nyumbani akasubiri.

Na hakukuwa na kesho kutwa. Daktari Sostenes hakuwa wa kwetu. Alikuja na kambi ya madaktari bingwa, siku tano katika hospitali yetu ya misheni nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi angepasua watu wa mwisho, mchana magari yangeondoka. Kambi nyingine ingekuja baada ya miezi sita, na saratani ile haimpi mtu miezi sita. Sehemu ya mtoki tulikuwa tumeipeleka kwa msomaji wa vioo Mwanza, lakini majibu ya Mwanza huchukua wiki tatu. Ndiyo maana daktari alinitegemea mimi na kichupa changu.

Kichupa chenyewe kilikuwa cha utafiti. Tulikuwa na mradi wa kuchunguza saratani za watu wa machimboni, na mradi ulituletea kingamwili ya kutambua protini moja ambayo seli za saratani huitumia kung'oka zilipo na kusafiri. Unakata nyama kipande chembamba kuliko karatasi, unakibandika kwenye kioo, unakidondoshea kingamwili. Ikiikuta ile protini inaing'ang'ania. Kisha unaweka rangi, na pale ilipong'ang'ania panageuka kahawia. Kichupa kina ujazo usiojaza kijiko cha chai, na kwenye karatasi yake pameandikwa ni kwa utafiti tu, si kwa kuamulia matibabu. Mimi nilimsomea daktari maandishi hayo tangu Jumatatu. Akaniambia, "Ukiwa gizani na una kibiriti, hutakataa kukiwasha kwa sababu si taa." Nikaona ana haki.

Saa tatu na nusu walimwita Mageni wakamweleza. Sikuwepo. Nilimsikia mkewe tu, Limi, sauti moja fupi kutoka chumba cha daktari.

Sasa mradi una taratibu zake, na moja ni kwamba mgonjwa akitoka kwenye utafiti lazima apigwe picha za mwisho: kiungo kinachoumwa na kile kisichoumwa, vikiwa pamoja, kwenye mwanga mzuri. Kazi hiyo ni yangu. Nikachukua simu ya mradi na rula, nikawakuta wameketi kwenye benchi la nje karibu na bomba. Mageni alikuwa mrefu, mabega mapana, na alikuwa ametulia kiasi cha kuogopesha. Limi alikuwa amekunja kanga mapajani, anaikunja, anaikunjua.

"Shikamoo dokta," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Poleni." Nikawasha simu. "Baba Masalu, naomba nikupige picha miguu. Ya mwisho."

Hakuuliza kwa nini. Akavua soksi ya kushoto, Limi akafungua bandeji ya kulia, nikamwomba anyooshe miguu yote miwili juani. Nikainama na simu. Kwenye kioo cha simu miguu ikatokea pamoja, na hapo ndipo moyo uliponipasuka.

Mguu wa kushoto ulikuwa mguu tu. Wa kulia, kuanzia kifundo hadi katikati ya muundi, ulikuwa na chale, mistari imepangwa safu kwa safu, minene, imetuna, weusi wake umekolea. Chale nilikuwa nimeziona tangu siku ya kwanza. Hata daktari aliziona. Lakini huku kwetu nani hana chale? Nimezizoea hata sizioni tena. Ambacho sikuwahi kufanya ni kuitazama miguu hiyo miwili kwa pamoja na kujiuliza kwa nini mmoja unazo na mwingine hauna.

Mishipa midogo ya mguu, ile inayobeba uchafu wa mwilini, humwaga kwenye mtoki wa kinena. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza. Kitu cheusi kikipigwa kwenye ngozi ya muundi, chembe zake hazikai zote pale pale. Baadhi hupanda juu, na hupanda hadi kwenye mtoki.

Nikakumbuka kioo changu cha asubuhi. Katikati ya ule ukahawia palikuwa na chembe nyeusi kabisa, ngumu, za kukwaruza jicho. Niliziona. Sikuzipenda. Nikazihesabu pamoja na nyingine, nikaenda kumjibu daktari. Nikakumbuka na jambo baya zaidi: kioo cha kulinganisha sikutengeneza. Sheria ni kwamba kila mara utengeneze kioo cha pili kinachopita hatua zote isipokuwa kingamwili, ili kama kina rangi ujue rangi hiyo si kazi ya kingamwili. Nilikiruka kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu nilijiamini.

"Baba Masalu, hizi chale ni za nini?"

Akaangalia pembeni. "Ni mikwaruzo tu, dokta. Mawe."

"Mawe hayachori mistari iliyonyooka."

"Ni mawe."

Nilihisi ule moto wangu unapanda kooni. Nilitaka kumwambia kwa nguvu kwamba ananidanganya mchana kweupe. Nikafungua mdomo, na ndipo nikakumbuka siku ya kumwandikisha. Kwenye fomu kuna swali: je, mgonjwa amewahi kutumia dawa ya asili kwenye kiungo hiki? Siku hiyo, mbele yake kwenye foleni, alikuwapo mama mmoja wa Tinde aliyejibu ndiyo, aliweka majani na samadi. Nikamsema yule mama mbele ya watu wote, dakika kumi nzima. Mficha maradhi kilio humuumbua, nikampigia kelele, ingawa hakuwa ameficha kitu, alikuwa amesema kweli. Kisha nikamgeukia aliyefuata, kalamu mkononi: na wewe? Aliyefuata alikuwa Mageni. Akasema hajawahi. Nikaandika hapana.

Nani angejibu vinginevyo? Nilijifundishia uongo mwenyewe, nikauandika kwa mkono wangu.

Nikaketi chini, kwenye sakafu ya baraza, mbele ya mguu wake. Nina miaka arobaini na saba na magoti yangu hayapendi mambo hayo. "Sikiliza, baba," nikasema. "Siku ile nilimsema yule mama vibaya. Nilikosea. Leo sikusemi. Hata ungeniambia umepaka nini, sikusemi. Lakini nikijua, huenda yale tuliyokuambia asubuhi si kweli."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Si kweli vipi?"

"Sijui bado. Niambie za nini."

"Yaya," akasema polepole. Hapana.

Limi ndiye aliyesema. Aliiachia kanga, akasema kwa sauti ya chini lakini bila kusita, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama Kisukuma. "Ni dawa ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Kila wakifungua duara jipya, mganga wao anawachanja mguu unaotangulia kuingia. Ule tu. Anafungua palepale pa zamani, anapaka tena."

"Mama Masalu!" Mageni alimkemea.

"Niache niseme! Umeambiwa unakufa, unaogopa kuchekwa?" Akanigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mara kumi na moja, mayu. Maduara kumi na moja."

"Anapaka nini?"

"Mizizi ya kuchoma. Na masizi ya chungu, na mafuta ya kondoo."

Masizi, mara kumi na moja, palepale. Niliinuka kwa kushika benchi. "Msiondoke," nikawaambia. "Kwa jina la Mungu, msiondoke hapa."

"Mdogo wangu anakuja na gari saa nane," akasema Mageni.

"Basi mzuie hadi saa kumi."

Ilikuwa saa nne na nusu. Kazi ya kingamwili, ukiifanya sawasawa, ni saa nne na nusu hadi tano. Saa kumi Daktari Sostenes hubandika orodha ya upasuaji wa kesho ukutani, na ikishabandikwa watu wa usingizi na wa vyumba wanapanga kila kitu kwa orodha hiyo. Nilikuwa na pumzi ya saa tano na nusu.

Nilikitoa kipande cha mtoki kilichobaki, kimezikwa kwenye nta. Kilikuwa kimebaki kidogo kama punje ya mchele. Niliuweka ubao wa nta kwenye mashine ya kukatia, nikazungusha mkono wa mashine, kipande cha kwanza kikatoka kimekunjamana, nikakitupa. Cha pili kilipasuka kwenye maji ya uvuguvugu. Nikasimama, nikaosha uso, nikarudi. Cha tatu kikaelea kizima. Cha nne kikaelea. Cha tano sikukipata, wembe uligusa nta tupu. Nilikuwa nimebakiwa na viwili tu, na hapakuwa na mtoki mwingine pale maabara wa kujaribia.

Nikapanga hivi. Kipande kimoja cha mtoki kisiguswe na kingamwili kabisa, kipate rangi ya kahawia tu: hicho ndicho kile nilichokiruka. Kipande cha pili kipate kingamwili, lakini badala ya kahawia nitumie rangi nyekundu. Kulikuwa na kichupa cha nyekundu kabatini, mradi ulikileta, hakuna aliyewahi kukifungua kwa sababu sote tumezoea kahawia. Masizi yaliyotawanyika huonekana kahawia, lakini hayawezi kuwa mekundu. Na kioo cha tatu kiwe cha saratani yenyewe ya kisigino, nacho kipate kingamwili na nyekundu, ili nijue rangi inafanya kazi. Nikainamisha kichupa cha kingamwili kwenye mwanga. Kilikuwa kinatosha vioo viwili, kwa shida.

Ukikausha vioo huwezi kuvihimiza. Ukiviondolea nta huwezi kuvihimiza. Nilichemsha kwenye ile sufuria ya presha tuliyonunua sokoni kwa kazi hii, nikaisikiliza ikipiga filimbi, nikangoja ipoe yenyewe, kwani ukiifungua mapema nyama inabanduka kwenye kioo. Nilikuwa nikihesabu dakika kwa sauti. Mimi ambaye sijawahi kungoja chai ipoe.

Saa saba daktari akaingia, anatafuna mahindi ya kuchoma. Akaona vioo vimelala kwenye sanduku la unyevu.

"Hicho ni nini?"

Nikamwambia. Nilianzia kwenye kosa langu, kwa sababu nilijua nikianzia kwenye chale nitajikuta najitetea. Alipoelewa kwamba sikutengeneza kioo cha kulinganisha aliacha kutafuna.

"Safiya, nimemwambia mtu anakufa."

"Najua."

"Nimemwambia mbele ya mke wake!" Sauti yake ilitikisa chupa mezani. "Nimetumia neno lako kama msumeno."

Yote aliyosema yalikuwa haki yangu, na yale ambayo hakuyasema nilishajisemea. Akatembea hadi dirishani, akarudi.

"Na huenda bado ni kweli," akasema, taratibu sasa. "Unaelewa hilo? Masizi yanaweza kuwepo na saratani ikawepo. Vyote viwili, ndani ya mtoki mmoja."

"Naelewa. Ndiyo maana nimeweka nyekundu."

"Saa kumi nabandika orodha. Saa kumi na dakika moja, sikungoji."

Saa nane na robo nilichungulia dirishani. Gari lilikuwa limefika, mlango wa nyuma wazi, Mageni ameshakaa ndani na fimbo yake mapajani. Mdogo wake, shemeji ya Limi, amesimama nje anatazama saa. Limi alikuwa ameketi chini, katikati ya njia ya gari, juu ya begi lao la nguo, kanga kichwani, anatazama mbele. Shemeji alikuwa akimbembeleza, na Limi hata kope hachezeshi. Nikamwombea mwanamke yule kwa dini yangu na yake.

Saa tisa na nusu niliweka rangi. Kahawia kwa kioo cha kwanza, nyekundu kwa vile viwili. Nikaosha, nikafunika, nikabeba cha kwanza hadi kwenye hadubini.

Kile ambacho hakikuguswa na kingamwili hata chembe kilikuwa na kahawia na weusi vilevile, pale pale, kwa wingi uleule wa asubuhi. Asubuhi sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimesoma masizi ya chungu, nikampa mtu hukumu ya kifo kwa masizi hayo. Nililia kidogo, si sana, maana machozi yanaharibu lenzi.

Kisha kisigino. Chekundu, kimekolea, seli baada ya seli. Rangi ilikuwa hai na kingamwili ilikuwa hai.

Kisha mtoki. Nilianza kona ya juu kushoto, nikatembea mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia shamba la pamba na hataki kuruka tuta. Chembe nyeusi zilikuwepo, zimemezwa na seli kubwa kubwa za usafi, zimejaa hadi pomoni. Nyekundu hakuna. Mstari wa pili, hakuna. Wa tano, hakuna. Mstari wa tisa, ukingoni mwa nyama, nikaona doa jekundu.

Nikaongeza ukubwa. Doa likabaki jekundu. Nikafikiria kisigino cha Mageni, nikafikiria gari nje, nikafikiria kwamba kwa saa tano nimemtia mke wa mtu matumaini. Nikazungusha kirekebishi cha lenzi polepole, nyama ikafifia, doa likazidi kung'aa. Halikuwa ndani ya nyama. Lilikuwa juu yake, limeelea, punje ya rangi ambayo sikuichuja vizuri. Nikazungusha kurudi, kwenda, kurudi, mara sita, nisije nikajidanganya tena. Halikuwa na seli chini yake.

Nilimaliza mistari yote. Kisha nikaanza upya kutoka chini.

Daktari alikuja mwenyewe, saa kumi kasoro dakika nane, karatasi ya orodha mkononi. Nilimpisha kiti. Aliangalia kioo kisicho na kingamwili, akaguna. Akaangalia kisigino. Akaangalia mtoki, muda mrefu sana, akafika ukingoni, akasimama.

"Na hili?"

"Ni punje ya rangi. Iko juu. Zungusha."

Akazungusha. Akarudisha. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Asubuhi ulikuwa na uhakika."

"Ndiyo, dokta."

"Na sasa?"

"Sasa nina kioo cha kulinganisha."

Alichomoa kalamu mfukoni, akaandika jina la Mageni chini kabisa ya orodha. "Mwanza wakisema vinginevyo tutamwita, tutafungua kinena," akasema. "Sasa nenda ukamwambie. Neno la asubuhi lilitoka kwako, na hili lazima litoke kwako."

Nilidhani kazi ngumu imekwisha. Mageni alinisikiliza kutoka ndani ya gari, mikono juu ya fimbo, hadi nikamaliza. Limi alikuwa ameshainuka, begi mkononi, anahema.

"Asubuhi mlisema ninakufa," akasema Mageni.

"Tulikosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Na sasa mnataka kunikata."

"Kisigino tu. Kesho."

"Dokta, asubuhi mmenihukumu, jioni mnaniachia. Kesho asubuhi mtasema nini, nikiwa nimelala na kisu kiko juu yangu?" Hakupaza sauti. Ndicho kilichoniumiza. "Afadhali nikafie kwangu. Mdogo wangu, washa gari."

Shemeji akashika mlango. Limi akasema kitu kwa Kisukuma, haraka, sauti imepasuka, sikuelewa hata neno. Mageni akatikisa kichwa. Na mimi, ambaye ningeweza kumkaripia mtu yeyote hadi akakubali, niliona wazi kwamba nikipaza sauti mara moja tu, gari lile litaondoka na mtu aliyeweza kupona.

"Njoo uone mwenyewe," nikamwambia. "Usiniamini mimi. Angalia kwa macho yako, kisha uondoke ukitaka."

Aliwaza. Wachimbaji ni watu wa kuona jiwe kabla ya kukubali bei. Akashuka, akaja akichechemea hadi maabara, Limi nyuma yake. Nikamkalisha, nikamwekea kioo cha mtoki, nikamfundisha kufumba jicho moja asilotumia. Akainamia lenzi.

"Nini hiki cheusi?"

"Ni dawa yako. Ile ya duara. Imetoka mguuni, imepanda mpaka kwenye mtoki. Mtoki umevimba kwa sababu hiyo."

"Hii hapa?"

"Hiyo hiyo. Ugonjwa ungekuwepo ungeuona mwekundu." Nikabadilisha, nikamwekea kisigino. "Kama huu. Huu ndio ugonjwa wako. Uko kisiginoni, haujapanda."

Aliangalia chekundu. Akaniomba nirudishe cheusi. Nikarudisha. Akakiangalia tena, na niliona mabega yake yanashuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo.

"Kwa hiyo dawa ilifika," akasema.

"Nini?"

"Dawa. Ilipanda mpaka huku juu, ikakaa mlangoni. Ugonjwa ukakuta mlango una mlinzi." Aliinua macho kwangu, na kwa mara ya kwanza siku ile yalikuwa na nuru. "Si ndiyo, dokta? Ilifika."

Maneno yote niliyosomea yalinijia mdomoni. Kwamba masizi hayalindi kitu. Kwamba masizi hayo ndiyo yaliyokaribia kumuua, yeye na mimi tukishirikiana. Kwamba kila wembe wa mganga yule ni hatari nyingine. Nilikuwa nayo tayari, yamepangana, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Limi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ananitazama, na macho yake yalikuwa yananisihi.

"Ilifika, baba," nikasema.

Akanyoosha mkono, akaomba kalamu ya kutia sahihi fomu ya upasuaji.